Daktari Aliyeshtakiwa na Watoto

Janusz Korczak alikuwa daktari wa watoto, Myahudi wa Poland. Mwaka 1912 alishika uongozi wa nyumba ya yatima mjini Warsaw. Humo baadaye aliweka baraza la hukumu, na mahakimu walikuwa watoto, waliopatikana kwa kura. Mtoto aliyeonewa aliweza kumshtaki mwenzake, au hata mlezi. Korczak naye alishtakiwa, akahukumiwa. Tuliofundisha shule za bweni twajua uzito wa jambo hili, kwa maana mtoto akidhulumiwa na mlezi wake, usiku ule amkimbilie nani? Agosti 1942 Wanazi waliwachukua watoto wake wapatao 200 kwenda kuuawa Treblinka. Marafiki walikuwa wametaka kumtorosha. Alikataa, akaenda nao pamoja na walezi wenzake.