Allan Pinkerton: Mpelelezi aliyefuata nyayo za mwizi hadi zilikofukiwa fedha

ALLAN Pinkerton, mpelelezi aliyewatia hofu wahalifu wa Marekani katika karne ya 19, alizaliwa Glasgow, Scotland, Agosti 1819. Alihamia Marekani mwaka 1842, akawa fundi wa mapipa katika jimbo la Illinois. Siku moja, akitafuta miti kisiwani, aligundua maficho ya watengenezaji wa fedha bandia. Wahalifu hao walikamatwa, na huo ukawa mwanzo wa kazi yake ya upelelezi.

Kesi iliyompatia sifa kubwa ilitokea mwaka 1859. Dola 40,000 zilitoweka katika ofisi ya kampuni ya usafirishaji ya Adams Express mjini Montgomery, Alabama. Meneja wa ofisi hiyo, Nathan Maroney, alikamatwa, lakini kwa kuwa ushahidi ulikuwa hafifu, aliachiwa kwa dhamana.

Pinkerton hakuwa na haraka. Alijua kuwa kumfunga mwizi bila kuzipata fedha ni ushindi nusu. Aliagiza vijana wake wamfuatilie Maroney kimyakimya, mji hadi mji. Alipokamatwa tena na kuwekwa mahabusu New York, aliyekuwa rafiki yake humo ndani alikuwa mpelelezi aliyejifanya mfungwa.

Wakati huohuo, Kate Warne, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwa mpelelezi nchini humo, alijenga urafiki na mke wa Maroney huko Jenkintown, Pennsylvania, ambako fedha zilikuwa zimefukiwa chini ya nyumba. Hatimaye Maroney mwenyewe aliagiza mkewe amkabidhi fedha hizo yule rafiki wa gerezani, akitumaini zingemsaidia kupata uhuru. Zilipatikana dola 39,515, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Hata hivyo, subira hiyo haikudumu. Mwaka 1875, wakimsaka mwizi wa mabenki Jesse James, watu wa Pinkerton walivamia usiku nyumba ya mama yake huko Missouri, wakatupa ndani kifaa cha moto kilicholipuka. James hakuwamo. Mdogo wake wa miaka minane alikufa, na mama huyo akapoteza mkono. Umma uliwageukia wapelelezi, na James hakukamatwa kamwe.

Pinkerton alifariki dunia Chicago, Julai 1, 1884. Pale alipovumilia, alirejesha karibu kila dola. Pale alipotumia mabavu, alipoteza imani ya watu, na mtoto asiye na hatia akapoteza maisha.