Mo Amin: Jamaa Aliyefika Kabla Vumbi Halijatulia

Hapa Kithyoko, gari likipinduka kwenye barabara ya Garissa, picha zinakufikia kabla ya polisi. Hata mimi nimo. Kuna siku nilirusha picha ya matatu iliyoanguka, nikaandika wote wamekufa. Kumbe mama mdogo alikuwa abiria, na saa hiyo ameketi kando ya lami akinywa maji. Sikuwa hata nimefika pale.

Mohamed Amin alikuwa anafika. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera ikamkolea akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi, akafungua kampuni yake, Camerapix. (Mimi nikiwa na 20 nilikuwa nimeacha chuo, nalala kwa kochi ya mjomba.) 1966 akatiwa jela Zanzibar karibu mwezi mzima, kisha akafurushwa hadi Kenya.

Julai 5, 1969, Tom Mboya akapigwa risasi nje ya duka la dawa katikati ya Nairobi. Mo alifika haraka hivi kwamba alipiga picha hadi ndani ya ambulensi. Bahati? Zii. Enzi hizo huwezi kuanza kusaka filamu habari ikishatokea. Kamera inalala imejazwa, begi limefungwa, pasipoti iko mfukoni, na unajua ndege ya usiku ya London inaondoka saa ngapi, maana picha lazima ibebwe.

Oktoba 1984 akaenda Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC. Hapo si mbio tu: kabla ya kamera kuwashwa kulikuwa na kazi ya kutafuta vibali na ndege, na Mo alikuwa na watu wake. BBC ikarusha picha za njaa Oktoba 23, zikaishia kwa vituo zaidi ya 400 duniani. Misaada ikaanza kumiminika.

1991, ghala la silaha likalipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai akafa, Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda kurudi Nairobi ikatekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Walionusurika walisimulia kuwa Mo alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.