Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa kompyuta



Muhula huu nimekwama kwenye somo la miundo ya data. Miti, grafu, jamani! Jaribio la kwanza nikafeli, nikataka kuhama kozi. Nikajiambia labda Mungu hakuniitia huku. Ndipo nikakutana na habari za Sista Mary Kenneth Keller.

Alizaliwa Cleveland, Marekani. Mwaka 1932 aliingia Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mwenye Heri. Chuo Kikuu cha DePaul kilimpa shahada ya hisabati mwaka 1943, na ya uzamili mwaka 1953. Mwaka 1965, akiwa ameshatimiza miaka 50, akapata udaktari wa sayansi ya kompyuta kule Wisconsin, mwanamke wa kwanza Marekani. Kisha akaanzisha idara ya kompyuta Chuo cha Clarke, Dubuque, akaiongoza miaka 20. Alifariki 1985.

Yaani miaka 10 kati ya shahada na shahada! Mimi jaribio moja tu, nataka kukimbia. Kesho narudi darasani, rozari mfukoni, ule mti nauchora upya.

Wewe umekwama wapi? Tuombeane.