John Kirk: munganga aliyeweka sumu ya mishale mufukoni

Katika mwitu wa Ituri, Wambuti wanajua mushale wenye sumu tangu zamani. Lakini wengi wetu hatujui kama sumu ya namna hiyo iliingia ndani ya mahospitali ya Ulaya na kuwa dawa ya moyo. Njia yake ilipitia mufukoni mwa munganga mmoja Mskoti.

John Kirk alizaliwa mwaka 1832 huko Barry, Scotland. Alisomea uganga katika universite ya Edinburgh, akamaliza mwaka 1854. Wakati ule mwalimu wa madawa pale alikuwa Robert Christison, mutu aliyemeza mwenyewe kipande cha maharagwe ya sumu ya Calabar mwaka 1855 ili aone yatamufanya nini. Ndiyo desturi ya nyumba ile: sumu ilikuwa kitu cha kupimwa, siyo cha kuogopa tu.

Mwaka 1858 Kirk alifuatana na Livingstone kwenye mto Zambezi, kama munganga na mutu wa mimea. Safari ilikuwa na taabu nyingi. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipigwa na maji makali, akapoteza makaratasi yake mengi na karibu azame. Upande wa mto Shire, leo Malawi, aliona wawindaji wakipaka mishale dawa walioiita kombe. Aliitafuta mpaka akajua inatoka kwenye mbegu za mti unaopanda juu ya miti mingine. Sumu aliiweka mufukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja akipiga mswaki alisikia uchungu mukali mdomoni, akajipima mapigo ya moyo: yalikuwa yameshuka. (Asijaribu mtu! Kipimo kikizidi kidogo tu, moyo unasimama.)

Kule Edinburgh, Thomas Fraser, aliyekuwa musaidizi wa Christison, alichukua kazi ile. Ndani ya labo alijaribu kombe kwa vyura, akaona kama inashika moyo wenyewe: kwanza unapiga polepole na kwa nguvu, halafu unakufa. Alitoa ndani yake kitu alichokiita strofantini. Mwaka 1877 alirisi kiti cha Christison. Mwaka 1885 alileta dawa ile mbele ya waganga wa Uingereza, kwa wagonjwa wenye moyo uliochoka. Tangu mwaka 1906 huko Strasbourg, Albert Fraenkel alianza kuitia kwa sindano ndani ya mushipa.

Kirk hakubaki kwenye labo. Alifika Zanzibar mwaka 1866 kama munganga, akapanda mpaka kuwa konseli mukuu wa Uingereza. Hapa ndipo maisha yake yanagusa watu wa huku kwetu. Sokoni Zanzibar waliuzwa watu wengi waliokamatwa bara, na misafara ilikuja kuingia mupaka Maniema. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko. Alikubali juu ya manowari za Waingereza zilizotishia kuzunguka kisiwa, siyo kwa mapenzi tu. Biashara haikuisha siku ile. Iliendelea kwa siri na kwa njia za inchi kavu. Lakini soko lenyewe lilifungwa, kanisa likajengwa mahali pake.

Barghash alimutumaini Kirk. Mwaka 1885 Wajerumani walipoanza kukamata inchi za bara, serikali ya London iliamuru Kirk asiwazuie, naye akatii. Mwaka uliofuata akaondoka Zanzibar.

Alikufa tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, miaka 2 nyuma ya Fraser. Kima punju wa Zanzibar anabeba jina la Kirk katika vitabu vya sayansi. Ule mti nao unaitwa Strophanthus kombe, kwa neno la wale wawindaji wa Shire. Majina yao wenyewe hayapo katika historia ya dawa hii.