Frederick McKay na Madoa ya Meno

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba jino hufunikwa na enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa. Sasa tutasoma habari za mtu aliyetumia miaka thelathini kutafuta kitu kilichoharibu enameli ya watoto kabla meno yao hayajachomoza.

Frederick McKay alizaliwa Marekani mwaka 1874. Alisomea udaktari wa meno, akahitimu mwaka 1900. Mwaka uliofuata alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, uliopo chini ya milima mirefu. Hapo aliona jambo geni. Wenyeji wengi walikuwa na madoa ya kahawia kwenye meno, na wengine meno yao yote yalikuwa na rangi ya kahawa. Madoa hayo hayakuwa uchafu wa kuondolewa kwa mswaki, kwa maana yalikuwa ndani ya enameli yenyewe. McKay alipekua vitabu vyake asikute maelezo yoyote. Watu wa mji walikuwa na yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya, wengine maji.

McKay alimwomba msaada Greene Vardiman Black, bingwa mkubwa wa elimu ya meno wakati ule. Mwanzoni Black hakuamini kwamba ugonjwa wa namna hiyo ungeweza kuwapo pasipo kuandikwa vitabuni. Alifika mwaka 1909, akaona kwa macho yake. Katika kila watoto mia waliozaliwa mjini humo, karibu tisini walikuwa na madoa. Lakini watu waliohamia pale wakiwa wazima, meno yao yalibaki meupe, hata kama walikaa miaka mingi.

Kwa nini iwe hivyo? Enameli hutengenezwa mara moja tu, na mapema sana. Meno ya utotoni huanza kutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kwenye mwezi wa nne hivi. Ndiyo maana mama mjamzito akikosa chakula bora, au mtoto mchanga akiugua sana, enameli huweza kuwa nyembamba au yenye vishimo. Meno ya kudumu ya mbele huanza kutengenezwa ndani ya ufizi katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, na enameli yake hukamilika mtoto akiwa na miaka minne au mitano. Seli zinazoitengeneza hufa kazi yake ikiisha. Kwa hiyo jino la mtoto wa miaka saba linapochomoza lina doa, kosa lilikwisha kutendeka zamani, wakati mtoto huyo anajifunza kutembea.

Black alifariki mwaka 1915, na McKay akaendelea. Mwaka 1923 alifika Oakley, mji mdogo katika jimbo la Idaho. Wazazi walimweleza kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya kujengwa bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya maji ya moto, umbali wa maili tano. McKay aliyapima maji hayo asione kasoro. Hata hivyo aliwashauri wakazi waliache bomba hilo, wakatumie chemchemi nyingine. Ushauri huo ulihitaji ujasiri, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Mwaka 1925 walibadili maji. Wakubwa walibaki na madoa yao, lakini wadogo zao walipoota meno ya kudumu, yalikuwa meupe.

Jawabu lilipatikana mwaka 1931. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto nao walikuwa na madoa. H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu iliyomiliki mji huo, aliyapima maji yake kwa vyombo vipya, akakuta floraidi nyingi sana. Alimwomba McKay sampuli za maji kutoka miji mingine yenye madoa, na zote zikaonyesha floraidi nyingi. Wataalamu waliofuata waligundua kwamba floraidi kidogo, kadiri ya miligramu moja katika lita moja ya maji, huzuia meno kuoza bila kuyaharibu kwa madoa mabaya. McKay alifariki mwaka 1959.

Habari hizi si za Marekani tu. Maji ya sehemu nyingi kando ya Mlima Meru na katika Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya, yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano. Magadi ya kuchemshia maharage nayo huweza kuwa nayo nyingi. Kama unaishi huko, huenda wewe au mwenzako mna madoa hayo, na asiyejua humcheka mwenzake kwamba hapigi mswaki. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata mama akinywa maji hayo. Hatari huanza mtoto anapopewa maji na uji. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua chunguni, floraidi hubaki. Njia mojawapo iliyotumika mkoani Arusha ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi maji yanapopita.