JOSEPH MURUMBI, MZEE ALIYETUWEKEA AKIBA

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili hapa Naitiri, nawasimulieni habari za mtu aliyewatunza wasanii wengine, lakini vitu vyake mwenyewe nusura vikose mtunzaji. Huyu si mwingine ila marehemu Joseph Murumbi. Wengi wetu tunamjua katika somo la historia kama Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, basi, tunafunga daftari. Kumbe mzee huyu ana mengi!

Alizaliwa mwaka wa 1911 huko Eldama Ravine. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mamake alikuwa Mmasai. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, akarudi Kenya katika miaka ya 1930. Enzi hizo za mkoloni watu walipangwa kwa rangi zao, na angejiita Mgoa angepata nafuu kidogo. Hakutaka. Alichagua upande wa mama, akahesabiwa Mwafrika pamoja na taabu zote zilizofuata.

Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa mwaka wa 1952, Murumbi alikaimu ukatibu mkuu wa chama cha KAU. Mwaka uliofuata alikwenda ng'ambo kuitetea nchi yake, na akaishi London hadi 1962. Huko uhamishoni alikuwa na ugonjwa mmoja mzuri sana: kununua vitabu vya zamani kuhusu Afrika, stempu na kazi za sanaa. Wengine wakinunua suti, yeye alinunua vitabu.

Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwezi wa Mei 1966 akateuliwa kuwa Makamu wa Rais. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amejiuzulu! Hebu fikiria, ndugu msomaji, ni wangapi wangeacha kiti kama hicho? Mnamo 1972, yeye, mkewe Sheila na rafiki yao Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Hapo wachongaji, wachoraji, wafumaji na mafundi wa shanga kutoka pande nyingi za Afrika walipata mahali pa kuonyesha na kuuza kazi zao. Msanii hali sifa, jamani. Hula jasho lake kama mkulima wa mahindi.

Sasa nafika penye uchungu. Katika miaka hiyo ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake. Wageni walikuwa tayari kumlipa zaidi, lakini akakataa ili mali hiyo isitoke Kenya. Nia yake ilikuwa nyumba ile iwe chuo cha kusomea mambo ya Afrika. Chuo hakikujengwa. Nyumba ilibomolewa, na mzee alikuwa hai akiyaona hayo. Alifariki mwezi wa Juni 1990.

Bahati nzuri, si yote yaliyopotea. Vitabu vyake zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900 vilihifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa. Tangu 2013 sehemu ya mkusanyo imewekwa katika Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Naye mwenyewe amelala City Park, bustani ya umma ya jiji, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka wa 1965. Kando ya kaburi zimewekwa sanamu za wasanii wa Afrika, ikiwemo kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa mawe kutoka Kisii. Hata mtu asiye na senti ya kuingia makumbusho anaweza kuzitazama. Lakini bustani hiyo nayo imemegwamegwa na wanyakuzi wa ardhi. Jiji lisipoilinda, sanamu zitakaa wapi?

Tusidhani ni lazima mambo yaharibike. Hapa jirani, Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake karibu na Kitale mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 aliliachia taifa mkusanyo wake, na mwaka wa 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa. Wosia wake ulitimizwa, na watoto wa shule wakapata pa kwenda kujifunza. Tofauti ya wazee hawa wawili si ukarimu. Wote walitoa. Tofauti ni waliopokea.

Na sisi je? Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya makumbusho, maktaba na shughuli za utamaduni. Kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Nairobi. Tunao akina mama wafinyanzi, mafundi wa litungu na vijana wanaochora mabango ya maduka sokoni. Wakipewa ukuta mmoja wa umma wa kuchora, au chumba kimoja cha kuonyesha kazi, na wakalipwa haki yao, tutakuwa tumeanza. Naomba chama chetu kiwaandikie barua wakuu wa kaunti kabla muhula haujafungwa. Mimi niko tayari kuandika nakala ya kwanza. Nani atatia sahihi pamoja nami?