Tumbo lililompangia Darwin saa za kufikiri

Novemba 24, 1859, kitabu kilichotikisa fikra za dunia kiliingia sokoni nchini Uingereza. Nakala zote 1,250 za toleo la kwanza zilikwisha kuagizwa na wauza vitabu. Mwandishi wake, Charles Darwin, hakuwapo London kupokea pongezi. Alikuwa Ilkley, kaskazini mwa nchi hiyo, akitibiwa tumbo kwa maji baridi.

Wengi wanamfahamu mwanasayansi huyo kwa nadharia yake ya mageuko ya viumbe. Kisichofahamika sana ni kwamba kwa takriban miaka 40 aliishi na maradhi ya tumbo, na tumbo hilo ndilo lililoamua kwa siku akili yake ifanye kazi saa ngapi.

Alizaliwa Februari 12, 1809, mjini Shrewsbury, mtoto wa daktari. Katika ujana wake alipenda farasi na bunduki kuliko vitabu. Desemba 1831 aliondoka na meli ya Beagle, akazunguka dunia kwa karibu miaka mitano. Alisumbuliwa na kichefuchefu cha bahari, na mwaka 1834 aliugua kwa wiki kadhaa mjini Valparaíso, Chile, lakini aliporejea Oktoba 1836 alikuwa bado kijana mwenye nguvu.

Muda si mrefu mambo yakabadilika. Saa chache baada ya kula, tumbo lilijaa gesi, kisha kutapika, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na uchovu mkubwa. Hata mazungumzo na wageni yaliyomchangamsha sana yalimletea kutetemeka na kutapika usiku. Mwaka 1842 yeye na mkewe Emma walihamia kijiji cha Downe, mkoani Kent, mbali na makelele ya London.

Huko aliishi kwa ratiba kali. Aliingia chumba chake cha kazi saa 2 asubuhi, akatoka saa 3:30. Akarudi saa 4:30 na kumaliza saa 6 mchana. Baada ya hapo, kwa kawaida, kazi nzito ya siku ilikuwa imekwisha. Kwa saa hizo chache alitumia miaka minane, kuanzia 1846, kuchunguza wanyama wadogo wa baharini wenye magamba wanaonata kwenye miamba na meli.

Hali ilikuwa mbaya zaidi mwishoni mwa 1848. Baba yake alipofariki Novemba mwaka huo, Darwin hakuweza kushiriki mazishi. Machi 1849 alihamishia familia yake Malvern, kwa Dk. James Gully, bingwa wa tiba ya maji. Alisuguliwa kwa maji baridi alfajiri, akafungwa mashuka yaliyolowa, akakatazwa sukari, siagi na viungo. Kazi ya akili ilipunguzwa hadi saa mbili na nusu kwa siku.

Kutapika kukapungua, akanenepa. Lakini akili nayo ikadorora, kiasi kwamba alilalamika kwa rafiki zake. Huo ndio mtego uliomnasa maisha yake yote: akifikiri, tumbo linachafuka, likitulia, fikra zinalala.

Hata hivyo aliiamini Malvern. Binti yake Annie alipougua, alimpeleka huko huko, kwa daktari yule yule. Annie alifariki Aprili 1851 akiwa na umri wa miaka 10. Emma, mjamzito, alikuwa amebaki nyumbani. Darwin naye hakubaki kwa mazishi. Alirudi Downe kwa mkewe.

Ugonjwa wenyewe haujathibitishwa hadi leo. Wapo wanaotaja kuumwa na mdudu mkubwa nchini Argentina mwaka 1835, wengine wanataja wasiwasi. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Wales walipendekeza kwamba mwili wake haukuweza kusaga sukari ya maziwa, hali ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanayo. Mapishi ya Emma yalijaa maziwa na malai, hivyo hoja hiyo si ya kupuuzwa, ingawa nayo ni makisio.

Darwin aliamini kichwa ndicho kilichoharibu tumbo. Sayansi ya leo inasema njia hiyo hupitwa pande zote mbili. Kuta za utumbo zina seli za fahamu zaidi ya milioni 100, na neva iitwayo vagasi hubeba habari nyingi kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo kuliko zinazoshuka. Mtu anayetapika usiku kucha haamki na akili safi, na Darwin alilijua hilo bila darubini.

Wapo wanaodai ugonjwa ulimsaidia kwa kumpa upweke wa kutafakari. Ni rahisi kusema hivyo kwa asiyetapika. Mdahalo mkubwa wa Oxford wa mwaka 1860 juu ya kitabu chake ulifanyika bila yeye, akiwa tena kwenye tiba ya maji. Mwaka 1864 alitunukiwa nishani ya Copley, na hakuweza kwenda kuipokea.

Katika miaka yake kumi ya mwisho tumbo lilimpa nafuu. Kitabu chake cha mwisho kilitoka Oktoba 1881, kikieleza minyoo ya ardhini na udongo unaopita matumboni mwao. Alifariki Aprili 19, 1882, kwa maradhi ya moyo, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, jijini London.